Hodi kwa Bi Zuhura

Jumapili moja mwezi uliopita, baada ya misa ya pili, sisi wazee wa chama cha huruma tulialikwa chakula cha mchana katika ukumbi wa parokia yetu ya Kilifi. Tuliotumika pamoja enzi zile tumebaki wachache, tukawekwa meza moja karibu na dirisha, tukapakuliwa pilau nyingi kuliko tunavyoweza kula siku hizi. Binti mmoja wa chama cha sasa alikuwa akituzunguka na simu yake, akimuuliza kila mmoja namna Mungu alivyomwita katika kazi hii. Wenzangu walijibu vizuri. Mmoja alitaja mahubiri ya Kwaresima, mwingine ugonjwa wa mumewe. Zamu yangu ilipofika, kabla sijafungua kinywa, Mama Perpetua aliyekuwa kando yangu alianza kucheka, akacheka hata akashika ukingo wa meza. "Mwambie ukweli," akasema. "Mwambie ulikuja kanisani siku ile kutafuta nini." Basi nikamwambia. Nilikuja kutafuta kwaya.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimetoka Ukambani kuja kufanya kazi ya ukarani katika duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Nilipanga chumba Kibarani, chumba cha mabati kilichokuwa kikipata joto mapema asubuhi na kulishika mpaka usiku, na dirisha lake lilitazama zizi la mbuzi wa jirani. Nikitoka kazini nilikuwa napika ugali wangu na sukumawiki, nakula nimekaa kitandani kwa kuwa kiti sikuwa nacho, na kupitia ukuta nikiwasikia watu wa chumba cha pili wakisimuliana mambo ya siku yao, nani kauza nini, nani kamjibu nani vibaya sokoni. Mara nyingine walisema jambo la kuchekesha nami nikacheka peke yangu upande wangu wa ukuta. Sasa ninapofikiria, sioni kama nilikuwa na huzuni hasa. Nilikuwa na njaa ya watu. Nyumbani nilikuwa nimesikia kwamba ukifika mji mgeni, jiunge na kwaya, utapata ndugu. Jumamosi moja nikavaa gauni langu la kijani nikaenda.

Mwalimu wa kwaya alikuwa mtu mpole sana. Aliniomba niimbe noti moja, kisha nyingine, kisha akaniomba nirudie ile ya kwanza, na akina mama wa sauti ya pili wakaanza kutazama viatu vyao. Akafunga kinanda taratibu. "Dada," akasema, "moyo unao. Moyo unao kabisa." Akanielekeza mlango wa chumba cha pili. "Mle kuna watu wa chama cha huruma. Nao wanahitaji watu." Nilitaka kurudi Kibarani, lakini njia ya kutokea ilipita mbele ya madirisha ya kwaya, na sikuwa tayari kupita pale tena. Halafu kile chumba kilikuwa kikinukia muhogo wa nazi. Nikaingia.

Kilikuwa chumba kidogo chenye mabunda ya nguo kuukuu mpaka darini, mabenchi mawili, na sufuria kubwa katikati ya sakafu. Mwenyekiti, Mzee Bonifasi, fundi wa friji aliyekuwa na kicheko cha kukohoa, hakuniuliza jina wala jumuiya. Aliniuliza, "Umekula?" Nikapewa sahani. Hawakuwa na mengi ya kunifundisha, na waliyonifundisha waliyasema huku wanatafuna: tunakwenda wawili wawili, mwenye nyumba akikukaribisha kiti unakaa kabla ya kuuliza lolote, hufunui chungu cha mtu kuona kama kuna kitu ndani. Muhogo ulipokwisha nilikuwa nimeshapangwa na Mama Perpetua. Alikuwa Mgiriama mnene wa maungo na mwepesi wa miguu, akiuza leso toka soko hadi soko, na kwa biashara hiyo alijua mlango wa nani umefungwa siku nyingi na jiko la nani halitoi moshi.

Yeye ndiye aliyemtaja Bi Zuhura. Alisema yuko mama mmoja mtu mzima kule Takaungu, mjane, hakuzaa, macho yamempotea kabisa, anaishi peke yake katika nyumba ya marehemu mumewe. Mtoto wa kaka yake, Salim, dereva wa lori, humletea chakula akiwa hayuko safarini, lakini safari zake ni nyingi. Katika kikao mmoja wetu akasema, bila ubaya, kwamba wahitaji wa parokia wenyewe hatujawamaliza, na huyo ni Mwislamu, wana watu wao. Mama Perpetua hakukasirika. Alisema, "Nilipofika kwake kuuza leso alikuwa anajipikia. Aliweka kiganja juu ya moto kuutafuta ulipo. Mimi nimeona hilo, siwezi kujifanya sikuliona." Mzee Bonifasi akatutazama mmoja mmoja, kisha akauliza nani ataandamana naye Jumamosi. Mimi nilikuwa mgeni, sikuwa na la kusema katika mabishano, lakini mkono niliweza kuunyanyua.

Nyumba ya Bi Zuhura ilikuwa ya mawe, ya zamani, yenye baraza nyembamba mbele na sebule yenye sakafu nyekundu ya saruji iliyong'aa kwa miaka ya kufagiwa. Hapakuwa na vitu vingi: kitanda cha kamba, mikeka iliyokunjwa pembeni, birika la maji, redio iliyokuwa ikizungumza kwa sauti ndogo. Mama Perpetua alipiga hodi, akajibiwa, tukaingia. Mimi nikasema kwa uchangamfu, "Habari yako mama!" Hakujibu. Nikarudia kwa sauti kubwa, nikidhani hata masikio hayasikii vizuri. Bi Zuhura akageuza uso kuelekea kwa mwenzangu, akauliza, "Huyu uliyekuja naye hana kwao?" Mama Perpetua akanikanyaga mguu. "Shikamoo," nikasema. "Marahaba, mwanangu," akasema, na uso wake ukafunguka kana kwamba nimeingia wakati ule tu. "Karibu. Karibu kitako."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Tulikwenda kila Jumamosi. Mama Perpetua alipika, mimi nikachota maji, nikafua, nikafagia, na Bi Zuhura akakaa kwenye mkeka akinisahihisha maneno. Nilikuwa na Kiswahili cha bara, cha kusukuma kazi. Nilipomwambia "hii mtu amekuja," aliuliza, "Mtu amekuwa meza? Mtu huyu, mwanangu. Huyu." Nilipomwita, "Kuja hapa ukule," alikaa vilevile alivyo. "Ukiniambia kuja mimi nabaki hapa hapa. Sema njoo ule, utaona nitakavyoinuka." Na kweli aliinuka, akatembea kwa kupapasa ukuta mpaka jikoni, mkono wake ukipita njia ile ile kila siku. Alikuwa na hadithi za harusi alizopika, za mumewe aliyependa papa wa nazi, za jirani aliyewahi kuiba kuku na kumrudisha kwa sababu kuku mwenyewe alikuwa mkali. Nilikuwa nikirudi Kibarani jioni nikiwa nimechoka, nimekula, na mashavu yananiuma kwa kucheka. Kiswahili hiki ninachoandika leo kwa sehemu kubwa ni chake. Watu huniambia, "Wewe si mtu wa bara, wewe ni mtu wa hapa," nami huwa siwakatazi.

Siku moja nilikuwa uani nasugua masufuria kwa mchanga, na Salim akaingia kwa mlango wa mbele asijue kwamba nipo. Alikuwa kijana wa heshima, lakini siku hiyo sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kusemwa. Nilimsikia akisema, "Shangazi, watu wanaongea. Wanasema Wakatoliki wamekuwekea mguu ndani, kesho watakubatiza. Mimi nitaiweka wapi sura yangu?" Nikaacha kusugua. Nilifikiri, basi, imekwisha, nitarudi kwenye ukuta wangu wa Kibarani kuwasikiliza majirani. Kisha nikamsikia Bi Zuhura. "Hao wanaoongea, Salim, nani kati yao aliyenichotea maji juma hili? Na hawa kama wanataka kunibatiza, basi wavivu mno. Miezi yote hii wanakuja, hata sala yao sijaisikia. Jua likifika kichwani huyu mtoto huniambia, Bi Zuhura, adhuhuri imeingia, kisha ananishika mkono kunipeleka kwenye maji ya udhu. Kama kuna anayesomeshwa katika nyumba hii, ni yeye. Juzi tu hakujua tofauti ya huyu na hii." Salim akacheka bila kutaka. Nikasugua sufuria ile mpaka ikawa kama kioo.

Ni Salim huyo huyo aliyetuletea habari kwamba madaktari wa macho wangekuja katika hospitali moja ya mjini kupasua watu bila malipo. Tulimpeleka kwanza kuangaliwa. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kushoto limeharibika na kwa sababu nyingine, hakuahidi kitu, lakini la kulia akipasuliwa huenda likaona. Njiani Bi Zuhura alikuwa na furaha kupita sisi. "Umri wangu wote sikujaliwa mtoto," akasema, "kumbe nilikuwa nao, tena pacha, wamejificha machoni." Alimweleza kila tuliyekutana naye. Lakini siku ya kupasuliwa ilipofika, tulikuta mlango umefungwa kwa komeo la ndani.

Tulibisha, Mama Perpetua akasihi, Salim akasihi. Kutoka ndani sauti ikasema, "Sendi. Nimesikia habari za mwanamke aliyepasuliwa jicho likatoka zima. Giza hili nimeshalizoea, najua vitu vyangu vilipo. Niacheni." Gari la parokia lilikuwa linatungoja nje ya mji, na hospitali walikuwa wametuambia atakayechelewa nafasi yake atapewa mwingine. Nikakaa kwenye baraza, mgongo wangu kwenye mlango. Nikamwambia kwamba hata mimi ningeogopa. Akauliza, "Wewe unaogopa nini, Vero? Kijana kama wewe una lipi la kuogopa?" Nikasema bila kufikiri, "Kuimba mbele za watu." Nikamsimulia kwaya, na kinanda kilivyofungwa taratibu, na akina mama walivyotazama viatu. Nikasikia anacheka kidogo nyuma ya mbao. "Basi imba," akasema. "Imba hapo barazani, kwa sauti, Takaungu nzima isikie. Ukiweza wewe, nami nitaweza."

Nilisimama. Wimbo pekee ulionijia ulikuwa wa kwetu, wa kufukuza ndege kwenye shamba la mtama, wenye kelele nyingi na maneno machache. Nikaimba. Niliimba mkono mmoja ukiwa ukutani, macho nimeyafumba, na sauti yangu ikapita katika vichochoro vile vilivyotulia kama kitu kilichoangushwa. Madirisha yakafunguliwa. Mzee mmoja akatoka na chai yake mkononi kuona ni nani anayeumizwa. Mama mmoja ng'ambo akaita, "Yallah, mpeni maji huyo!" Salim alikuwa ameinama, mabega yanatikisika, Mama Perpetua machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni. Nami sikunyamaza. Nilipofika ubeti wa pili, ambao ni sawa na wa kwanza ila una kelele zaidi, komeo likalia na mlango ukafunguka. Bi Zuhura alikuwa amesimama pale na buibui lake tayari mwilini, anacheka hata hawezi kusema. "Basi, basi, mwanangu," akasema akinitafuta kwa mkono. "Nakwenda. Twende kabla hujaua mtu."

Kesho yake asubuhi tulikuwa naye wakati wa kufunguliwa. Wagonjwa walikuwa wamekaa kwenye benchi ndefu kila mmoja na jicho lake lililofunikwa, wote wamenyamaza, na daktari akipita kwa mmoja mmoja. Alipobandua kitambaa cha Bi Zuhura, yeye hakuinua uso. Alitazama mikono yake iliyokuwa mapajani. Akaigeuza juu, akaigeuza chini. "Mikono hii ya nani?" akauliza polepole. "Hii mikono ya mama yangu." Hapo nikaogopa kwamba atalia na nisijue la kufanya. Lakini akainua uso akanitazama kwa jicho lile moja, jekundu bado, linatoka maji, akanitazama juu mpaka chini. "Wewe ndiwe Vero? Kwa sauti ile nilidhani una futi saba!" Kisha akamgeukia mwenzangu. "Na wewe, Mama Perpetua, muuza leso mzima, leso umeifunga juu chini. Maneno yamesimama kwa kichwa." Benchi zima likacheka, wenye kuona na wasioona bado. Nje, Salim alikuwa anangoja na chupa ya chai na mahamri ya moto, na shangazi yake alipotoka akitembea bila kushikwa, akaiweka chini ile chupa akageukia ukuta kwa muda mrefu.

Kurudi nyumbani hakukuwa furaha tupu, na mimi nisingekuwa mkweli nikisema hivyo. Alipoingia sebuleni aliona utando wa buibui ambao mimi kwa ujana wangu sikuwahi kuinua macho kuuona. Akaona mstari mweusi uliopita ukutani, usawa wa kifua, kutoka kitandani mpaka jikoni na kutoka jikoni mpaka mlango wa uani. "Nani amenichafulia ukuta?" akauliza kwa ukali. Akausogelea, akaweka mkono wake juu ya ule mstari, na mkono ukaenda wenyewe. Alikaa kitandani. Ilikuwa miaka yake yote ya giza, imeandikwa pale kwa kiganja. Kisha akasema, "Nitafutieni chokaa." Jumamosi iliyofuata chama kizima kilikwenda Takaungu na mabeseni na brashi, Mzee Bonifasi akiwa amepanda ngazi akikohoa na kucheka, na majirani wale walioongea wakaja pia, mmoja na ndoo, mwingine na sinia la kaimati, na jua lilipoanza kushuka ukuta ulikuwa mweupe na sisi weupe vilevile.

Akatulipa kwa mkono wake. Ilikuwa Kwaresima, akatualika siku ya Ijumaa, nasi tukawa na wasiwasi namna ya kumweleza habari ya nyama. Tulipofika tukakuta mkeka umetandikwa, na juu yake wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchuzi wa papa, bilingani, maembe mabichi na pilipili. Hapakuwa na kipande cha nyama. "Nilimtuma Salim aulize," akasema, akijifanya anapanga vijiko. "Nisingependa mje kwangu mkatende dhambi." Nimekula vyakula vingi tangu siku hiyo, vingine katika nyumba kubwa, lakini nikiulizwa karamu ni nini ndio huo mkeka ninaouona, na sauti zetu zote zikigongana, na Bi Zuhura akituangalia mmoja mmoja tunavyotafuna, kwa jicho lake moja, kana kwamba sisi ndio tuliopikwa.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipofariki tulikaa mkekani na ndugu zake, Salim akatuonyesha mahali petu bila kutuuliza tumekuja kwa nani. Lakini mwaka ninaousimulia ni ule mmoja, na siku yake niipendayo zaidi ilikuja karibu na mwisho wake, wenzetu wa chama cha huruma cha Gongoni walipotuomba msaada. Kule kuna mashamba ya chumvi, na mzee mmoja aliyefanya kazi humo umri wake wote, Mzee Charo, alikuwa amepofuka kwa mtoto wa jicho vilevile, na alikataa katakata kupelekwa hospitali. Tulikuwa tukilizungumza hilo nyumbani kwa Bi Zuhura, tukitafuta nani ataweza kumshawishi. Yeye alikuwa anachambua mchele. Akauweka ungo chini. "Mtaondoka saa ngapi?" akauliza.

Tulikwenda kwa gari la parokia, yeye mbele karibu na dereva, na tulipopita Malindi akawa anasoma mabango ya maduka kwa sauti, kila moja, mpaka dereva akamwomba kwa adabu apumzike. Tulipofika Gongoni aliona vilima vyeupe vya chumvi vinang'aa juani, akashuka kabla gari halijasimama vizuri. "Yote hii chumvi?" akauliza. "Yote, bibi," mfanyakazi mmoja akamjibu. Akainama, akachukua chembe kwa vidole viwili akaonja, akatikisa kichwa kama mpishi aliyeridhika, ndipo akakubali kuendelea na safari.

Mzee Charo alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni kwake, fulana mwilini, uso ameuelekeza kule zilikokuwa sauti zetu. Mama Perpetua alianza kumweleza kwa Kigiriama, naye akamsikiliza kwa heshima tu, kama anayengoja mvua ipite. Bi Zuhura akavuta kigoda akakaa mbele yake, magoti yao yakikaribia kugusana. Akamwambia yeye ni nani, na alivyokuwa, na alivyojifungia ndani asiende. Mzee Charo akainamisha kichwa. Halafu akasema neno ambalo nadhani hakuwahi kumwambia mtu. "Bibi, mimi kisu sikiogopi. Naogopa baadaye. Nimekaa gizani siku nyingi. Mke wangu ninayemwona kichwani bado ni msichana, na wanangu ni wadogo. Nikifunguliwa jicho nikakuta watu wote wamezeeka?"

Nilimtazama Bi Zuhura. Nilijua alichokuwa akikiona: mikono yake siku ile ya benchi, na ukuta. Hakumdanganya. Alicheka, kile kicheko chake cha chini, akamshika mzee yule mkono.

"Wamezeeka, ndiyo," akasema. "Wamezeeka sana. Lakini wapo."

Mzee Charo akageuza uso ndani ya nyumba, akamwita mkewe amletee shati.